Kula Njama

Kwetu njama huliwa.
Kiapo nacho huliwa, na hasara, na chumvi ya mtu.
Miaka kumi na tisa nafasiri mahakamani,
chumba cha tatu, penye feni mbovu,
na kila mshitakiwa akisomewa kwamba alikula njama
mimi humwona Mwinyi Zahidi bin Ngumi
amekaa kitako mbele ya sinia.

Mwanzo alikuwa mtu wa taji.
Mfalme wa Ureno, ambaye hakupata kumwona hata kwa picha,
alimletea joho la mahameli lenye kola ya manyoya,
naye akalivaa Ijumaa, jua la utosi,
jasho likimchuruzika hadi kwenye makubadhi,
na hakuna aliyethubutu kumpepea.
Akapewa kiti cha nne barazani kwa Kapteni
na thuluthi ya ushuru wa Kilindini.

Ukoo wake husimulia kwamba alichoka kuona watu wakipigwa.
Yawezekana.
Lakini watu walipigwa miaka kumi na mmoja
na kiti cha nne hakikumchoma.
Kilichomchoma ni asubuhi moja, langoni mwa Ngome:
Kapteni mpya, kijana wa ndevu za juzi,
alimwacha amesimama juani, viatu mkononi,
hadi adhuhuri,
kisha akamtuma mpishi, mpishi!, aje amwambie
thuluthi sasa ni fungu la kumi.

Njama ililiwa Ndia Kuu, ghorofani,
kwa wali wa nazi na papa mkavu.
Wageni walitajwa saba.
Mwana Shungwa, mkewe, alipokosha sahani alihesabu nane.
Wa nane ni Gaspari, mkalimani wa forodha,
aliyekula chumvi ya nyumba ile tangu hajaota meno.
Mwinyi akatamka, Gaspari akaandika:

*Salamu nakutumia, Imamu wetu wa dini,*
*Lango nakufungulia, lile la nyuma, gizani,*
*Walinzi wameridhia, nguo ziko maungoni,*
*Thuluthi 'taniachia, ushuru wa bandarini.*

Barua ikazamishwa ndani ya gudulia la samli.
Gudulia halikufika hata Kibokoni.

Gaspari aliifasiri mara mbili:
usiku kwa Kiarabu, alfajiri kwa Kireno.
Mstari wa mwisho angeweza kuumeza.
Bila thuluthi ile Kapteni angeona mtu wa imani,
pengine angeogopa, pengine angetaka suluhu.
Kwa thuluthi aliona mchuuzi,
akacheka, akaita mnyongaji.

Siku ya kufa walimvua joho kwanza,
kwa kuwa ni mali ya mfalme.
Wanasema alisimama na kanzu nyepesi, upepo ukimpuliza,
na kwa mara ya kwanza hakutoka jasho.
Nyumba ikanadiwa.
Mwana Shungwa akatoka na kinu, na sahani,
saba.
Ile ya nane aliivunja kizingitini.

Basi nikwambie.
Mimi si wa ukoo wa Mwinyi.
Kwa mama, na mama yake mama, na nyuma huko kusikotajwa,
mimi ni wa Gaspari.
Alilipwa gora ishirini na nafasi ya mwanawe forodhani.
Wajukuu walisilimu, wakabadili jina.
Kazi hawakubadili.
Tumewafasiria Waarabu, tukawafasiria Waingereza,
leo twaifasiria serikali, mshahara tarehe ishirini na nane.

Nyumbani tulifundwa: mkalimani hana ulimi wake.
Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sifa.

Jana kijana wa Mtongwe alisema neno kizimbani,
kwa lugha ya bibi yake, taratibu,
akinitazama mimi, si hakimu.
Neno lilikuwa na thuluthi ndani yake.
Lingemponza. Lingeweza kumezwa,
na pale chumbani hakuna mwingine ambaye angejua.
Hakimu akangoja, kalamu juu.
Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.

Nikafasiri.
Lote.